Muziki wa Kigeni ni Upi?

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilihudhuria kikao cha bodi ya shule moja ya jirani na hapa Sibwesa, nikiwa mjumbe kwa sababu ya uzee wangu na ya ualimu niliostaafu. Ajenda ya sita ilikuwa ombi la vijana watano wa vijiji vyetu, waliotaka kutumia darasa moja kila Jumamosi mchana kwa mazoezi ya muziki. Vijana hawa wana magitaa mawili, moja la dukani na moja walilolichonga wenyewe kwa mninga, ngoma za madebe zilizowambwa ngozi, na kipaza sauti kinachotumia betri ya sola. Barua yao ilikuwa safi, yenye anwani, tarehe na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Nilifurahi kuiona, maana barua za namna hiyo siku hizi ni adimu. Ilisomwa, na hazikupita dakika kumi ombi likakataliwa. Katika muhtasari imeandikwa kwamba muziki huo ni wa kigeni, hauna mizizi katika jamii yetu, na unachochea utovu wa nidhamu.

Nilinyosha mkono peke yangu kupinga. Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, akaniambia kwa heshima lakini kwa kicheko: "Mzee mwenzangu, wewe tena? Si wewe uliyekuwa ukiwanyoa wanafunzi nywele kwa mkasi wa bustani?" Kikao kizima kikacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa alisema kweli. Lakini kicheko hakijibu hoja, na tangu siku ile nimekuwa nikilala nikiamka na jibu ambalo sikulitoa pale. Nalitoa hapa.

Nianze na mkasi huo, asije mtu akaniambia ninaficha. Mwaka 1969 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Mwezi wa Januari Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana mjini Dar es Salaam, ukipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba ya mwaka huohuo muziki wa souli nao ukapigwa marufuku mjini humo. Sisi tuliokuwa shuleni tuliipokea habari hiyo kama askari apokeavyo amri. Nilipohitimu chuo cha ualimu na kupangiwa shule ya kwanza nilikabidhiwa kazi ya mwalimu wa nidhamu, na kazi hiyo niliifanya kwa bidii ambayo leo inanitia haya. Mwaka 1976 nilimnyang'anya mvulana wa kidato cha tatu gitaa lake. Kosa lake lilikuwa kupiga nyimbo za Kizungu bwenini baada ya chakula cha jioni. Nililifungia stoo, nikamwambia atalichukua siku ya kufunga shule. Siku hiyo ilipofika hakuja. Muhula uliofuata hakurudi shuleni kabisa, wala hatukupata habari zake. Gitaa lilikaa juu ya magunia ya mahindi, likaliwa na mchwa upande wa nyuma, mpaka nilipohamishwa. Simsingizii mtu mwingine kwa jambo hilo. Waraka wa kuniagiza ninyang'anye gitaa haukuwapo. Nilikuwa nao kichwani.

Sasa nirudi kwenye hoja ya kwanza ya bodi, ile ya ugeni.

Mwaka 1973 nilikuwa bado chuoni, Dar es Salaam. Mji huo wakati ule ulikuwa na bendi za namna mbili. Kulikuwa na bendi kubwa za dansi, nyingi zikimilikiwa na mashirika: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz, bendi ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Humo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Halafu kulikuwa na vijana wa mjini waliojikusanya wenyewe, waliokuwa wakisikiliza James Brown na Jimi Hendrix, na waliopiga nyimbo za watu hao neno kwa neno kwanza, kama mwanafunzi anavyonakili ubaoni kabla hajajifunza kuandika insha yake. Miongoni mwao ilikuwamo Sunburst, iliyoanza kiasi cha mwaka 1970. Mpiga gitaa wao, Hembi Flory Kongo, alitoka Zaire. Kinanda alikipiga Kassim Magati, besi Bashir Idi Farhan, ngoma Johnny Rocks, na mbele ya kipaza sauti alisimama James Mpungo.

Mimi niliwasikia mara moja tu, na kuwaona sikuwaona. Sikuwa na fedha ya kiingilio; nilisimama nje ya ukuta wa ukumbi pamoja na wenzangu wawili wa chuo, wote tumevaa mashati meupe kama makarani. Nilichokisikia kilinisumbua. Gitaa lilikuwa likinguruma na kulia kama la Wamarekani, lakini ngoma chini yake haikuwa ya Wamarekani. Ilikuwa ikienda kwa mirindimo ambayo mwili wangu uliijua kabla akili haijaitambua. Mwimbaji akaingia na Kiswahili. Nilisimama pale nikijiuliza kama jambo hilo linaruhusiwa. Ndugu msomaji, hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza: si kama muziki ni mzuri, bali kama unaruhusiwa!

Mwaka huohuo wa 1973 Sunburst walishinda shindano la bendi la taifa zima. Nalitaja hilo kwa ajili ya wajumbe wenzangu wa bodi wanaodhani kwamba vijana wa namna hiyo walikuwa wahuni wa vichochoroni waliojificha wasionekane. Walirekodi Radio Tanzania, redio ya taifa. Mtindo wao wakauita Kitoto. Na hapo nakuomba usimame kidogo, kwa sababu jambo la kuwa na mtindo si la Kizungu hata kidogo. Kila bendi ya dansi ya nchi hii ilikuwa na mtindo wake wenye jina: NUTA walikuwa na Msondo, Mlimani Park walipoanza mwaka 1978 wakaja kuwa na Sikinde, Patrick Balisidya na Afro 70 walikuwa na Afrosa. Kubuni mlio ambao jirani hana, kuupa jina na kuupigania kila Jumamosi usiku, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya bendi ya Kitanzania. Sunburst walifanya majaribio makubwa kuliko wengine, basi. Walivuta kamba ileile wakaifikisha mbali zaidi.

Wajumbe wenzangu wanaupenda muziki wa dansi. Nimewaona kwenye harusi, wakiwa na magoti mabovu, wakinyanyuka mara tu santuri ya Cuban Marimba inapopigwa. Naomba mmoja wao anieleze jina hilo. Bendi ya Salum Abdallah ilikuwa ya Morogoro; Kuba iko wapi na Morogoro iko wapi? Na beni, ambayo babu zetu waliicheza kwa fimbo na kofia za kijeshi, ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu walipoiga bendi za matarumbeta za Wazungu. Na kwaya yetu ya Jumapili je? Mapadri wa White Fathers walifika Karema, kule ziwani, mwaka 1885, na nyimbo walizokuja nazo hazikuotea kwenye miombo ya Katavi. Mimi mwenyewe naimba sauti ya besi katika kwaya, na siku Mungu akinichukua nataka niimbiwe nyimbo hizohizo. Lakini mtu anayetoka kanisani akiimba kwa noti za Ulaya, akapita kwa jirani Msukuma anayecheza bugobogobo, ambayo iliwasili huku pamoja na ng'ombe wakati sisi tayari tuko, kisha akaingia kwenye kikao na kusema gitaa la vijana halina mizizi hapa, huyo hajapima mizizi. Amepima umri. Kilichokuja kabla hajazaliwa anakiita chetu, na kilichokuja akiwa mtu mzima anakiita cha kigeni.

Kuna wanaojikinga kwa Mwalimu Nyerere. Wanakumbusha kwamba Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wetu tunajua kucheza rumba na twisti wala hatuzijui ngoma za kwetu. Ni kweli alisikitika, na alikuwa na haki. Lakini hotuba hiyo ina nusu ya pili, nayo haisomwi kwenye vikao. Humohumo alionya, kwa maneno makali kuliko ambayo mimi ningethubutu kuyatumia mbele ya bodi, kwamba taifa linalokataa kujifunza utamaduni wa wengine limekosa akili. Nimefundisha somo la siasa miaka mingi, na najua jinsi sisi walimu tulivyokuwa tukikata hotuba kama kitambaa, tukibakisha kipande kinachotosha vazi tunalotaka.

Huenda mtu akasema: kama hao Sunburst walikuwa hodari hivyo, mbona hawakuacha wafuasi? Swali hili nalipokea, maana ni zuri kuliko maneno yote ya kwenye muhtasari. Jibu lake linahusu viwanda na fedha kuliko mizizi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania, na ikitaka santuri, kazi ilipelekwa Nairobi. Na mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa. Bendi isiyokuwa na shirika nyuma yake ilijinunulia yenyewe magitaa, waya na vipaza sauti, vitu vilivyotoka nje kwa fedha za kigeni. Sunburst waliondoka kabla ya hapo, wakaenda Zambia. Huko Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige kwa sehemu kubwa muziki wa Wazambia wenyewe, na agizo hilo, badala ya kuwaua vijana wa roki, likawapa uhai, kwa kuwa vijana wa roki walihesabiwa kuwa Wazambia. Angalia tofauti hiyo kwa makini. Serikali mbili jirani, zote mbili zikitaka muziki wa nyumbani. Moja ikauliza mpigaji ni nani, nyingine ikauliza mlio umetoka wapi. Zambia wakapata bendi kama WITCH, Amanaz na Musi-O-Tunya, ambazo leo dunia nzima inazitafuta. Sunburst wakatoa albamu yao huko mwaka 1976, Ave Africa, kisha haikuchukua muda wakasambaratika. Mwaka ule ule, kama nilivyosema, mimi nilikuwa na gitaa la mtoto wa watu stoo.

Balisidya naye hakupata njia pana. Aliiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977, na mwaka 1979 alirekodi albamu Bado Kijana pamoja na bendi ya Waswidi, Archimedes. Alifariki mwaka 2004. Albamu ya Sunburst ilitolewa upya mwaka 2016 na kampuni ya Strut ya London, pamoja na rekodi zao nyingine tangu 1973. Mjukuu wangu anayesoma Mwanza ndiye aliyenionyesha kwenye simu yake, akaniuliza, "Babu, hawa Watanzania kweli?" Nikashindwa kuamua nicheke au nikasirike. Mimi niliyesimama nje ya ukuta wao naulizwa kama walikuwapo.

Hapa nataka nizungumze juu ya Wajapani, na tafadhali usiniulize haraka wanaingiaje Sibwesa, kwa sababu waliingia zamani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakikaa Mahale, kaskazini mwetu kando ya ziwa, wakichunguza sokwe tangu miaka ya 1960. Na vijana wa kujitolea wa Kijapani wamekuwa wakija Tanzania tangu 1967. Mmoja wa vijana hao alifundisha sayansi katika shule nilimokuwa miaka ya 1980. Alikuwa mpole, mwenye kunyenyekea mpaka unaona haya, na alikuwa na kaseti moja aliyoirekodi mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Bendi hiyo iliitwa Les Rallizes Dénudés. Ilianza Kyoto mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Doshisha, ikiongozwa na mpiga gitaa Takashi Mizutani. Siku aliponiwekea kaseti hiyo nilidhani redio imeharibika. Ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati, na chini yake besi moja ikirudia noti chache kwa robo saa bila kubadilika. Nilimwuliza kama kanda imeingia vumbi. Akacheka mpaka machozi, akasema hapana, ndivyo walivyokuwa.

Nakiri kwamba sikuupenda muziki huo, na mpaka leo siupendi. Lakini nilijifunza kwake mambo ambayo sikuyasoma chuoni. Alinieleza kwamba kwao pia wazee walilikataza gitaa la umeme. Mwaka 1965 halmashauri ya elimu ya mji wa Ashikaga iliwapiga marufuku wanafunzi kununua magitaa hayo na kwenda kwenye maonyesho yake. Alinieleza kwamba kiasi cha mwaka 1970 Wajapani waligombana hadharani kama roki inaweza kuimbwa kwa Kijapani. Upande mmoja walisimama waliosema kwamba bila Kiingereza haiwezekani. Upande wa pili bendi ya Happy End ikaimba Kijapani tupu, na albamu yao ya pili, ya mwaka 1971, Wajapani wanaihesabu leo miongoni mwa albamu bora walizowahi kutoa. Mpiga besi wa bendi hiyo, Haruomi Hosono, ndiye aliyeunda Yellow Magic Orchestra mwaka 1978, kundi lililoufundisha ulimwengu kutumia vinanda vya kompyuta. Mlio wa mashine unaousikia kwenye nyimbo za vijana wetu una deni kwa hao. Kwa hiyo kijana wa Mpanda anayepiga kinanda cha umeme ameazima Japani, na Japani iliazima Marekani, na Marekani iliazima, kwa njia ya utumwa, kwetu. Mgeni katika mzunguko huo ni nani?

Na juu ya wale Rallizes: kwa miaka mingi hawakutoa santuri rasmi. Diski zao tatu za kwanza zilitoka mwaka 1991. Muziki wao ulibaki hai kwa sababu wasikilizaji, watu kama yule mwalimu mpole, walirekodi kwenye kaseti na kuzipitisha mkono kwa mkono. Mizutani alifariki mwaka 2019, na hivi sasa kuna vijana Ulaya na Marekani wanaopiga gitaa kwa namna yake, bila kuwahi kumwona. Wale hawakulindwa na wizara. Walilindwa na watu waliokataa kutupa kaseti. Sisi tulikuwa na watu waliochukua magitaa na kuyafungia. Nilikuwa mmojawapo, na ninaona bodi yetu inafungua stoo ileile kwa ufunguo uleule.

Imebaki hoja ya nidhamu. Nimekuwa darasani na ofisini miaka thelathini na saba, kumi na minne ya mwisho nikiwa mkuu wa shule. Nimeshughulikia wizi wa unga wa shule, mimba, pombe ya kienyeji, na mara moja mgomo uliovunja madirisha yote ya bwalo. Katika kesi hizo zote sikumbuki hata moja iliyoanzia kwenye mazoezi ya bendi. Zilianza kwa vijana waliokuwa na mchana mzima bila kazi. Atakaye kujua nidhamu ni nini, akae awatazame watu watano wakijaribu kuanza wimbo pamoja. Mmoja akiwahi, wote wanasimama, wanarudi mwanzo. Hawatukanani, au wakitukanana wanaendelea. Nimewahi kuona vikao vya walimu vilivyoshindwa kufanya hivyo.

Tena vijana wenyewe ni nani? Mmoja ni Mbende, wawili ni Wasukuma, mmoja mama yake ni Mfipa, na wa tano wazazi wake walikuja Mishamo wakiwa wakimbizi kutoka Burundi na baadaye wakapewa uraia. Mjumbe mmoja alinong'ona kuhusu huyo wa tano, na nilimsikia. Sunburst nao walikuwa na Mzaire mbele, na taifa likawapa ushindi. Mwaka 1973 tulikuwa na moyo mpana zaidi katika jambo hilo kuliko tulivyokuwa Agosti iliyopita, pamoja na mikasi yetu yote.

Nimeiandikia bodi nikiomba ajenda ile irudishwe. Sijajibiwa. Wakati huo huo nimewapa vijana upenuni mwangu, upande wa mwembe, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Sharti langu ni moja, kwamba wakati wa msiba wowote kijijini wanyamaze. Wanapiga vibaya bado. Gitaa la mninga linafunguka nyuzi kila baada ya wimbo wa pili, na yule wa ngoma ana haraka kama anayekimbiza basi la Mpanda. Wimbo wao mmoja nimeuelewa, mwingine siuelewi hata kidogo, na huo nisiouelewa ndio wanaoupenda zaidi. Jirani yangu amelalamika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Juzi nilimpelekea ndizi, tukazungumza, akasema atavumilia mpaka mavuno. Mke wangu amehamishia kuku upande wa pili.